Seva Yenye Alama ya Ng'ombe

"Chumba?" Mzee Athumani aliuliza, akakunja pua kama mtu aliyefunuliwa chungu cha juzi. "Yaani mali ya umoja ikakae kwenye chumba cha kupanga?"

Hapo hapo Yusta akajua ameharibu. Mifano yote iliyojaa duniani ya kuelezea seva, yeye akaenda kuokota wa nyumba ya kupanga, mbele ya wazee ambao tangu wazaliwe hawajalala chini ya paa la mtu mwingine ila msibani. Yusta alikuwa katibu wa umoja wa wakulima wa mboga wa Magamba, na ndiye aliyeutengeneza kwa mikono yake mtambo wa oda. Hoteli na maduka ya Dar na Arusha wanaingia kwenye tovuti, wanasema wanataka kabichi ngapi na karoti kiasi gani. Mkulima anapata ujumbe kwenye simu akate, dereva wa lori anapata orodha ya wapi apite. Dalali hayumo. Na asiyemjua dalali wa mboga amshukuru Mungu wake. Huyo ndiye anayekuja na lumbesa, gunia lililoshonewa gunia jingine kichwani, analijaza mpaka linaota nundu, kisha anakulipa bei ya gunia moja huku anakuita mama yangu. Khaa! Miaka nenda miaka rudi watu wa Magamba walipakia lumbesa na kumeza mate. Sasa wanachama sitini walikuwa wamemfukuza dalali kwa sababu Yusta aliwapa neno lake kwamba mtambo utafanya kazi. Mtambo ukifa, wanarudi kwenye lumbesa. Ilikuwa hivyo tu.

Na mtambo ulikuwa unaelekea kufa. Ulikaa kwenye seva ya bei ya chee, mahali wanapojazana mamia bila hata kizuizi, na kila Jumanne oda zikimiminika ulikuwa unakwama kama punda kwenye utelezi. Ilibidi kuhama, na njia za kuhama zilikuwa mbili.

"Ngojeni niseme tena, wazee wangu," alisema Yusta. "Hii VPS ni mashine moja kubwa iliyogawanywa kwa kuta. Kila mtu ana sehemu yake, mlango wake na kufuli lake. Msimu ukifika tunaomba ukuta usogezwe, nafasi inaongezeka saa hiyo hiyo. Msimu ukiisha tunaurudisha. Njia ya pili ni kuchukua mashine nzima, yetu peke yetu. Ina nguvu, sikatai. Lakini sisi kazi yetu nzito ni siku mbili kwa wiki, siku tano itakuwa inakula bure. Tena kifaa kikiharibika tunasubiri fundi aende akaifungue."

"Na hao wa vyumba vingine ni akina nani?"

"Hatuwajui, baba. Wala hatuna haja ya kuwajua."

"Wanaweza kuwa watu wa kamari?"

"Wanaweza."

"Wa picha za uchi?"

Yusta, mjinga wa kusema kweli, akasema wanaweza.

Lo! Kikao kilichafuka. Mzee mmoja alitema mate dirishani. Akina mama wakaziba midomo kwa kanga. Likaulizwa swali kwa Kishambaa, na kwa Kiswahili halitamkiki, kuhusu uchafu wa jirani unavyoweza kupenya ukutani. Yusta alieleza mpaka sauti ikakauka kwamba ukuta ule si wa udongo, haupitishi kitu. Nani amsikilize? Watu walikuwa wamekwisha kuona kinyaa, na kinyaa hakina masikio. Ikapitishwa kwa kauli moja: mashine nzima.

"Lakini mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia," alisema Mzee Athumani, mwenyekiti wao. "Nitakwenda kuiona."

Sasa hapa lazima mtu aelewe. Mzee Athumani alikuwa na ng'ombe kwenye mazizi ya watu tisa, kuanzia Magamba mpaka kule Mtae. Kwao ndivyo ilivyo: mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja amtunzie, mtunzaji anakamua maziwa na kuchukua samadi, ndama wanagawana kwa mapatano. Na mwenye mali ana haki yake moja isiyojadiliwa, kwenda kumwona ng'ombe wake siku yoyote bila kupiga hodi wiki moja kabla. Anamtambua kwa alama sikioni. Alama ya Mzee Athumani ilikuwa mikwaruzo miwili na nukta. Kwa akili yake, seva ilikuwa ng'ombe anayekwenda kukaa zizi la Dar es Salaam.

Yusta alicheka moyoni, na si kicheko kizuri. Alimwambia kwamba seva haitazamwi kwa macho, inatazamwa kwenye mkataba na kwa amri za kompyuta. Mzee akamjibu, "Mwanangu, hata ng'ombe wa kwenye mkataba huwa mnene."

Wakaenda Dar wazee watatu, kwenye kampuni inayokodisha mashine hizo. Wakarudi wameshiba pilau ya kampuni na maneno ya Kristian, kijana wa mauzo aliyewapokea kituoni na gari lenye kiyoyozi. Waliingizwa kwenye chumba cha baridi kali chenye taa za kijani zinazokonyeza, wakaonyeshwa mashine nyeusi iliyobandikwa karatasi: UMOJA WA WAKULIMA MAGAMBA. Mzee Athumani aliigusa kwa kiganja. "Ina joto," aliwahadithia watu sokoni, "halafu inapumua." Kisha akatoa simu na kuwaonyesha picha, na kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye siri tamu, akawaelekeza watazame pembeni kwenye bati. Kristian alipotoka kupokea simu, mzee alikuwa ametumia ncha ya ufunguo wa ghala. Mikwaruzo miwili na nukta.

Kristian alipanda Magamba mwezi wa kumi na mbili kuja kusainisha mkataba. Harufu ya manukato yake ilifika ofisini kabla yake. Alikuwa na tabia ya kuushika mkono wa mtu na kutouachia, anausugua kwa kidole gumba huku anaongea, na viganja vyake vilikuwa na majimaji kama samaki wa barafu aliyeanza kuyeyuka. "Mzee wangu," "mama yangu," "dada yangu," kila mtu alikuwa wake. Yusta alipouliza nywila za kuingilia kwenye mashine atazipata lini, yule bwana alicheka, meno yote nje, akasema, "Dada Yusta, mambo ya kiufundi utuachie sisi, wewe kula maisha." Yusta aliifuta mikono yake kwenye sketi mara mbili, akasaini pale palipoandikwa katibu.

Nywila za kuingilia zilikuja Januari, baada ya kuzidai mara sita. Jioni ile ile akaingia. Mashine bwana haina haya ya mtu, ukiiuliza inasema. Aliiandikia mstari mmoja, kuiuliza wewe ni kitu gani, nayo ikajibu bila kuzunguka: mimi ni sehemu iliyokatwa ndani ya mashine nyingine. Akaiuliza kumbukumbu. Ilikuwa robo ya ile ya mkatabani. Yaani kile chumba cha kupanga kilichowatapisha wazee ndicho walichouziwa, tena kijichumba cha uani, kwa bei ya jumba zima. Yusta aliinuka, akaenda kunywa maji.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti. Alimweleza polepole, kwa adabu zote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alichukua simu, akafungua picha, akaisukuma mezani.

"Hii ni nini?"

"Ni mashine, baba, lakini si..."

"Na hii alama?"

"Ni yako."

"Basi. Macho yangu haya bado hayajaingia mtoto wa jicho. Wewe inakuuma kwa sababu ya kwako ilikataliwa."

Yusta akaondoka. Na hapa tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe baadaye alilazimika kuusema. Hakumwambia mtu mwingine. Alijitetea kwamba mtu haendi nyumba kwa nyumba kutangaza kuwa mzee wa watu kadanganywa, mzee aliyemzika baba yake na kumlipia ada ya kidato cha tano. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa chungu zaidi: alitaka waumbuke. Alitaka ile seva yao yenye joto na pumzi iwafie mikononi, ili siku hiyo wamtafute. Akasema yangu macho. Akauhamishia mtambo humo hivyo hivyo, akatulia.

Wiki ya Pasaka ikafika, na mvua za masika zimeanza. Oda zilikuja kuliko wakati wowote. Jumanne asubuhi mtambo uliwatumia wakulima ujumbe wa kukata. Wakakata. Saa nane mchana, oda zimepandana, ile robo ya kumbukumbu ikajaa pomoni na mtambo ukazimika, na orodha ya madereva haikutoka. Yusta alipiga simu ya kampuni tangu saa nane mpaka jua linazama. Ilipokelewa mara moja tu, sauti laini ikamwambia wahusika wako mapumziko ya sikukuu. Malori yaliyokosa orodha yakaenda kupakia kwingine. Ijumaa Kuu mtambo ulikuwa bado umelala.

Mwanamisi alikuwa amekata shamba zima. Huyu ni mama mjane wa Magamba kwa juu, karibu na msitu, aliyekuwa wa kwanza kabisa kumkatalia dalali na kumtukana mbele ya watu. Kabichi zake zilirundikwa kando ya barabara zikisubiri lori, mvua juu, tope chini. Yusta alikwenda kuziona Jumatatu. Alizinusa kabla hajaziona. Kabichi ikioza, jamani, inanuka kama choo cha shule, na ule uvundo unaganda kooni, humezi wala hutemi. Majani yalikuwa yamegeuka ute wa kijani unaochuruzika mpaka mtaroni, nzi wamefunika. Mwanamisi alikuwa anazisukuma kwa jembe kuzitupa bondeni, kanga ameifunga puani. Hakulaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, imekuwaje?"

"Nitakuambia, shangazi," Yusta alisema. "Kwenye kikao nitakuambia."

Siku hiyo hiyo hakusubiri idhini ya mtu. Alikodi VPS ya kampuni nyingine, akahamisha mtambo wote, akaujaribu kwa oda za uongo elfu moja kwa mpigo. Ulizimeza zote. Kazi yenyewe ilimchukua kutwa moja. Kutwa moja! Alikaa akiutazama mtambo unavyokwenda, na badala ya furaha alijisikia mchafu, kwa sababu kutwa moja hiyo ilikuwepo Januari, Februari na Machi.

Kisha Jumatano akapata kitu kwenye simu. Timotheo, katibu wa umoja wa wakulima wa Bungu, alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la makatibu wa vyama. "Na sisi tumepata seva yetu wenyewe, wazee wamekwenda kuiona," aliandika, na vikaragosi vya kupiga makofi. Mashine nyeusi, taa za kijani, karatasi: UMOJA WA WAKULIMA BUNGU. Yusta aliikuza picha. Pembeni kwenye bati palikuwa na mikwaruzo miwili na nukta.

Alikaa chini. Kile alichokicheka, ule ushamba wa kukwangua seva kama sikio la ng'ombe, ndicho kilichomkamata mwizi. Alikimbia kwa Mzee Athumani karibu anafurahi. Alijua mzee ataruka, atalaani, ataitisha watu, na yeye Yusta atamwomba radhi kwa kumdharau, na yataisha.

Mzee aliitazama picha. Hakuruka.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, baba?"

"Nilikwenda mwezi wa pili. Bila kuwaambia. Ng'ombe unamvamia, ndiyo desturi." Alikuwa anatazama vidole vyake. "Nilikuta karatasi ya watu wengine. Alama ni yangu. Yule kijana alinipa soda, akaniambia ni kawaida, karatasi zinazunguka. Nikapanda basi nikarudi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nimekaa sokoni miezi miwili nawaambia watu nimeigusa. Nani angenipa tena hata mbuzi nimtunzie?" Akanyanyua uso. "Yusta mwanangu, kwenye kikao sema ni mtandao. Mtandao kila mtu anajua unakatika. Funika kombe mwanaharamu apite."

Yusta alimtazama yule mzee, kofia yake safi ya Ijumaa, ndevu zimechanwa vizuri, na ule uvundo wa kabichi ukamrudi kooni palepale sebuleni. Alitoka bila kuaga.

Kikao kilijaa mpaka nje. Dalali hakuwa mjinga, alikuwa ameshapita mashambani akiahidi kuchukua kila kitu, na kila mtu alijua kwamba leo ndiyo leo: ama wanabaki na umoja, ama wanarudi kwenye lumbesa. Mzee Athumani alifungua kwa dua, kisha akasema maneno marefu kuhusu mtandao, na jinsi nchi nzima ilivyosumbuliwa na mtandao sikukuu ile. Akamgeukia Yusta. "Katibu atathibitisha."

"Sithibitishi," alisema Yusta.

Akasema yote. Akaipitisha picha ya Bungu mkono kwa mkono. Alisema kwa ukali, kila neno anajisikia anatema kitu kilichooza, na ilimpa nafuu, asikudanganye mtu. Kulikuwa na minong'ono ya kwamba binti anamvua nguo mzee mbele za watu. Hakujali. Alimaliza kwa kusema mtambo umeshahama, uko imara, Jumanne ijayo wakate bila hofu.

Mwanamisi alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba."

"Ulikwenda mwezi gani kuiona mara ya pili?"

Mzee alikohoa. "Wa pili."

"Kabichi zangu zimeoza mwezi wa nne."

Yusta aliona mzee anavyosinyaa, na Mungu amsamehe, aliona raha. Haki imefika, alijisemea, na iendelee.

Mwanamisi akageuka.

"Na wewe, mwanangu Yusta. Ulijua lini?"

Alikuwa na majibu mengi. Kwamba alisema, akapuuzwa. Kwamba hakuwa na mamlaka. Kwamba mkataba ulisainiwa. Yote yalikuwa kweli, na alipoyatazama yote yalikuwa na ute juu yake.

"Januari," alisema.

"Januari," alirudia Mwanamisi, kama mtu anayeonja chakula ili ajue kimeharibika wapi. "Unapita kwangu kila Jumapili ukitoka kanisani. Unakunywa chai yangu. Jumanne ile ya kukata ulipita asubuhi ukanikuta shambani na panga, ukaniambia kata shangazi, kata zote."

Yusta alivuta kiti, akakaa.

"Mimi nimeshamwuzia dalali mazao ya shamba la chini yakiwa bado mabichi," alisema yule mama, sasa akiongea na kikao chote. "Jana. Nilikuja hapa nikitafuta mtu wa kunizuia. Dalali ni mwizi, sijasahau. Lakini yule mwizi hajawahi kuniita shangazi." Akaweka kitambulisho chake cha uanachama mezani, taratibu, akatoka.

Wakaanza kumfuata. Si kwa ghadhabu. Laiti ingekuwa ghadhabu. Waliweka vitambulisho kimoja kimoja wakiwa wamegeuza nyuso pembeni, kama mtu anavyopita penye mzoga. Wengine hawakumtazama Mzee Athumani. Wengi zaidi hawakumtazama Yusta. Mpaka saa kumi na moja walikuwa wamebaki wawili tu ndani ya ile ofisi, yeye na mwenyekiti wake, kila mmoja na kona yake, na hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwenzake.

Simu ya Yusta ikatoa mlio. Hoteli moja ya Arusha ilikuwa inaagiza kabichi mia tatu za Jumatano. Kabla hajaifikia, seva mpya ilikuwa imekwisha kujibu kwa niaba ya umoja: Oda yako imepokelewa, asante. Ukaja mlio mwingine, wa duka la Dar, karoti. Seva ikajibu na hilo.